Meli za Kongo zilikwenda wapi? Kibumba inalipa safari ya bahari kwa bendera za wengine

Kila asubuhi chukudu zinashuka kutoka Kibumba kwenda Goma zikiwa na mashu, viazi, karoti na puaro. Ni safari ya kilomita karibu 20 kwenye barabara ya taifa namba 2, sehemu kubwa mteremko. Jioni chukudu zile zile zinasukumwa kupanda, na mara nyingi hazirudi tupu. Zinapandisha mufuko wa mchele wa Pakistani, kidumu cha mafuta ya kupikia, betri, vikwembe, plake ndogo ya sola, na hata dawa ya kupulizia mashu.

Mzigo wa kushuka umezaliwa kwenye udongo wa volkano. Mzigo wa kupanda, sehemu yake kubwa, umevuka bahari. Ulipakiwa Karachi, Mumbai, Guangzhou ao Dubai, ukashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, kiisha ukapandishwa kwenye lori kwa zaidi ya kilomita 1.500. Hapo njo jambo lenyewe linaanzia. Mkaaji wa Kibumba ambaye hajawahi kuona bahari kwa macho yake analipa nauli ya meli kila anaponunua vitu dukani. Na nauli hiyo haiingii katika kampuni ya meli ya Kongo, kwa sababu kwa miaka mingi sasa kampuni ya taifa ya bahari haina meli ya kubeba mzigo huo.

Lakini Kongo ilikuwa nazo. Hilo vijana wengi wa mashariki hawalijui, na wakiambiwa wanafikiri ni hadithi ya wazee.

Kutoka Anvers hadi Matadi

Safari za kawaida za meli kati ya Anvers, Ubelgiji, na Matadi zilianza mwaka 1895, kwa kampuni iliyoitwa Compagnie Belge Maritime du Congo. Mwaka 1898 reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokuwa Léopoldville, ilimalizika, na mzigo wa ndani ya inchi ukapata njia ya kufikia bahari. Mwaka 1930 kampuni hiyo ikawa Compagnie Maritime Belge, CMB. Kwa zaidi ya miaka 60 njia hiyo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji: meli zao, manahodha wao, bei waliyoipanga wao. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa na bandari, ilikuwa na mzigo mwingi, ila kampuni yake ya taifa ya bahari haikuwa nayo.

Ilizaliwa mwaka 1967, kwa jina la Compagnie Maritime Congolaise. Ni mwaka ule ule ambapo serikali ilichukua migodi ya Union Minière kule Katanga, na hiyo haikuwa bahati tu. Aliye na shaba bila meli anampa mwenye meli nafasi ya kupanga bei. Inchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, kampuni ikawa Compagnie Maritime Zaïroise, CMZ. Mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuwa hata na meli ya mizigo na abiria pamoja, iliyoitwa Kananga, jina la mji wa Kasai likipita mbele ya macho ya Wabelgiji bandarini Anvers.

Meli hizo ziliishi kwa shaba. Shaba ya Likasi na Kolwezi ilipanda treni hadi Ilebo, ikashushwa kwenye mabaji ya mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, ikapanda treni tena hadi Matadi, kiisha meli. Wakubwa waliiita njia ya taifa, kwa sababu haikuvuka mpaka wa jirani hata mmoja. Wakati wa kurudi meli zilileta mashine, malori, unga, samaki wa chumvi, vipuri vya migodi. Mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi: bila hivyo viwili hakuna kampuni ya meli inayosimama, sawa vile dereva wa Fuso anayepanda tupu hadi Rutshuru na kushuka tupu asivyoweza kulipa mafuta.

Sheria ya dunia nayo ilisaidia. Mwaka 1974, kule Geneva, inchi maskini zilipigania mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu makundi ya kampuni za meli, ulioanza kutumika mwaka 1983. Mpango wake ulijulikana kama 40-40-20: katika biashara kati ya inchi mbili, meli za inchi ya kwanza zibebe asilimia 40 ya mzigo wa makundi hayo, meli za inchi ya pili asilimia 40, na wageni wagawane 20 iliyobaki. Kwa karatasi, basi, Zaire ilikuwa na haki ya karibu nusu ya mzigo kati yake na Ubelgiji. Haki hiyo ilionekana kuwa ushindi mkubwa. Ndani yake mlikuwa pia mtego.

Zilivyozama bila dhoruba

Wengi wanaeleza kifo cha meli za Kongo kwa neno moja: wizi. Wizi ulikuwepo, hakuna wa kubisha. Sosyete nyingi za serikali ya wakati ule ziliendeshwa kama mfuko wa wakubwa. Lakini neno hilo peke yake halielezi kila kitu, kwani kuna kampuni zilizoibiwa na bado zipo.

Kwanza, mzigo uliondoka kabla ya meli. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ulibomoka. Yakafuata maporomoko ya siasa, uporaji wa Septemba 1991 na wa 1993, vita ya makabila kule Katanga, na kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50.000. Hata kabla ya hapo njia ya taifa ilikuwa imechoka: treni mbovu, mabaji yanayokwama kwenye mchanga, vituo vya kupakua na kupakia upya kila mara. Sehemu ya shaba ilikuwa tayari inatokea kusini, kupitia Zambia hadi bandari za Afrika ya Kusini. Meli zilikuwa zinangoja Matadi mzigo uliokwisha kwenda njia nyingine.

Pili, dunia ilibadili namna ya kupakia. Mwaka 1967 mzigo ulibebwa kwa mifuko, maboksi na nyavu, na watu wa bandari kwa mamia. Miaka 20 baadaye ulikuwa ndani ya kontena. Meli ya zamani inaweza kuchukua kontena chache juu, ila haiwezi kushindana na meli iliyojengwa kwa ajili hiyo. Kununua meli mpya kunahitaji dola zilizowekwa pembeni mwaka baada ya mwaka, na faida ya sosyete ya serikali haikukaa pembeni siku mbili. Tena Matadi iko kama kilomita 150 ndani ya mto, na kina chake hakiruhusu meli kubwa za leo. Nyingi zinaishia bandari za jirani kama Pointe-Noire, na kontena zinamaliziwa kwa meli ndogo.

Tatu, na hili watu wachache hulifikiria: meli ni mali isiyoweza kujificha. Jengo la serikali lililo Kinshasa haliwezi kukamatwa na mdai wa Anvers. Meli, kinyume chake, inajipeleka yenyewe hadi bandari ya mdai. Kama kampuni haikulipa mafuta, chakula cha mabaharia ao matengenezo, mahakama ya bandari inaweza kuifunga pale pale, na kila siku inayosimama deni linaongezeka. Makampuni mengi ya taifa ya Afrika yalipoteza meli namna hiyo ao yaliziuza kabla hazijakamatwa.

Halafu ule mtego wa 40-40-20. Haki ya kubeba asilimia 40 ilikuwa na thamani hata kwa asiye na meli, kwani mgeni mwenye meli angeweza kuinunua. Katika inchi nyingi za Afrika ya magharibi na ya kati kampuni ya taifa iligeuka ofisi ya kukusanya ushuru: meli ni ya mgeni, mzigo ni wa mfanyabiashara, lakini kampuni ya taifa inachukua asilimia kidogo kwa kila tani kwa ajili ya jina lake. Ni makuta ya urahisi. Hayahitaji nahodha, wala fundi, wala mafuta. Kwa mkurugenzi anayejua kwamba ataondolewa kesho, chaguo kati ya kukarabati meli na kupokea makuta ya haki halikuwa gumu.

Hapa njo penye uamuzi uliozamisha meli za Kongo, kuliko umri wa vyuma na kuliko udogo wa pwani. Kampuni iliyoundwa ili ibebe ilijifunza kuishi bila kubeba. Baada ya 1997 iliitwa Compagnie Maritime du Congo, baadaye Lignes Maritimes Congolaises, LMC. Jina, nembo, ofisi, wafanyakazi: vyote vilibaki. Kilichokosekana ni masuwa, kama wengi wanavyosema huku.

Kichekesho cha uchungu ni kwamba bendera yenyewe haikupotea baharini. Miaka michache iliyopita Kinshasa ilibidi ijulishe shirika la dunia la bahari, IMO, kwamba makumi ya meli yalikuwa yanajiandikisha kwa bendera ya Kongo kwa karatasi za uongo, bila serikali kujua. Walaghai walikuwa wameona thamani ya bendera ambayo wenyewe hawakuitumia.

«Pwani ni ndogo» si sababu

Kongo si peke yake. Nigeria ilifunga kampuni yake ya taifa katikati ya miaka ya 1990. Black Star Line ya Ghana nayo ilikwisha. Upande wa bahari ya Hindi, ambao kwa wakaaji wa Kivu njo bahari yao, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja mwaka 1966, Eastern Africa National Shipping Line. Ilifungwa mwaka 1980, muda mfupi baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Inchi nne zenye kampuni moja hazikukubaliana nani alipe hasara.

Mara kwa mara husikika kwamba Kongo haiwezi kuwa inchi ya bahari kwa sababu pwani yake ni ya kilomita 40 hivi, kati ya Cabinda na Angola. Maelezo hayo hayasimami. Kampuni kubwa kuliko zote za kontena duniani leo ni MSC, na makao yake ni Geneva, Uswisi, inchi isiyo na hata mita moja ya bahari. MSC ilianzishwa mwaka 1970, miaka 3 baada ya kampuni ya Kongo, kwa meli moja kuukuu iliyoitwa Patricia, na moja ya njia zake za kwanza ilikuwa ya Somalia, hapa Afrika ya Mashariki. Mwisho wa 2022 ndiyo iliyonunua shughuli za Bolloré za bandari na usafirishaji barani Afrika kwa euro bilioni 5,7.

Mtu atasema ile ni kampuni ya mtu binafsi, ya Ulaya, na hiyo ni kweli. Basi atazame Ethiopia. Ethiopia ilikuwa na kampuni ya meli tangu miaka ya 1960. Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, Ethiopia ilibaki bila pwani kabisa. Meli haikuziacha. Ilihamia Djibouti, na mwanzo wa miaka ya 2010 ilipokea meli mpya zilizojengwa China. Kuna bei yake: serikali iliwalazimisha waagizaji wengi wapitie kampuni hiyo moja, na wafanyabiashara wa Addis Ababa wamelalamika mara nyingi juu ya ucheleweshaji na gharama. Hakuna anayesema wakaaji wa Ethiopia wananunua vitu kwa bei ya chini juu ya meli zao. Lakini wana mabaharia, wana mafundi, na wanapokaa mezani na kampuni za kigeni wanajua safari inagharimu nini, kwani wanaifanya wenyewe.

Hata Wabelgiji walitoka kwenye biashara hii. Njia ya Afrika ya CMB iliunganishwa na Safmarine ya Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, na Safmarine ikanunuliwa na Maersk ya Denmark mwaka 1999. Tofauti ni kwamba wao waliuza kitu kilichokuwa kinatembea, wakapokea pesa, wakaenda kufanya shughuli nyingine za meli. Kongo haikuuza kampuni yenye kutembea. Iliacha iishe.

Kibumba inaguswa wapi?

Mwaka 2019 kubeba kontena ya futi 40 kutoka China kwa wastani wa dunia kuligharimu chini ya dola 2.000. Mwezi wa Septemba 2021, wakati wa korona, wastani huo ulipita dola 10.000. Inchi zote za Afrika zilipigwa, zenye meli na zisizo nazo. Lakini kwa inchi isiyo na meli wala sauti, hakuna mlango wa kugonga.

Hesabu ya mfano tu: kontena ya futi 20 inachukua tani kama 25 za mchele, ni kusema mifuko 1.000 ya kilo 25. Nauli ya bahari ikipanda dola 3.000, kila mufuko umepanda dola 3 kabla lori halijawasha moto. Mama anayeuza mashu kwa franga za Kongo ananunua mchele ambao bei yake imehesabiwa kwa dola tangu Karachi. Mashu hayapandi bei eti kwa sababu meli zimepanda. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwake.

Kuna pia kontena yenyewe. Ni mali ya kampuni ya meli, na lazima irudi bandarini. Mwagizaji wa Goma anaacha dhamana, kiisha siku zinahesabiwa. Zikipita, analipa kwa kila siku. Lori likikwama kwa matope ao kwa risasi, kampuni ya meli haijali. Ndiyo maana wengine wanafungua kontena Mombasa ao Kampala na kupakia upya kwenye malori, jambo linaloleta gharama nyingine na uvunjifu wa vitu. Na kontena inayofika imejaa hurudi mara nyingi tupu, juu ya Kivu kuagiza vitu vingi na kusafirisha tani chache: kahawa, kakao, chai, madini yenye bei kubwa na ujazo mdogo. Anayelipia safari ya kurudi tupu ni yule yule aliyeagiza.

Serikali ilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1980 iliunda OGEFREM, ofisi ya kusimamia mizigo ya bahari, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwatetea wenye mizigo mbele ya kampuni za meli. Mdeklara yeyote wa Goma anaijua OGEFREM, ila kwa sababu nyingine: karatasi iitwayo FERI, ambayo mzigo unapaswa kuwa nayo na ambayo inalipiwa. Swali ambalo waagizaji wanaweza kuuliza kwa haki ni hili: ni mara ngapi ofisi hiyo imeshusha nauli ya Mombasa kwa dola hata moja, ukilinganisha na mara ambazo imepokea pesa ya FERI? Inafanana sana na ile hadithi ya kampuni isiyo na meli.

Lazima kusema pia kwamba bahari si mzigo wote. Kwa mtu wa Kibumba vita imekuwa ghali kuliko meli. Bunagana iliingia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Mwisho wa mwaka ule mapigano yalifika Kibumba yenyewe, na watu wakakimbilia Kanyaruchinya na kuacha mashamba. Goma ilifuata mwisho wa Januari 2025; benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mfanyabiashara akabaki kutafuta njia ya kutuma dola kwa muuzaji wa ng'ambo. Barabara, vizuizi na ushuru wa juu ya ushuru vinaongeza bei ambayo hakuna meli ya taifa ingeweza kuiondoa. Aliye na haraka ya kulaumu bahari peke yake atakuwa anawapumzisha wengine.

Banana iko mbali

Kinshasa ina jibu lake: Banana. Rais Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu mwezi wa Januari 2022, kazi ikiwa mikononi mwa DP World ya Dubai. Meli kubwa zitaweza kufunga Kongo bila kupitia jirani. Kwa Matadi, Boma na Kinshasa ni habari njema, na mazungumzo ya kuifufua LMC yamepata nguvu pia.

Kwa Kibumba hali ni tofauti. Hakuna reli wala barabara inayopitika kwa lori la kontena kutoka Banana hadi Goma. Mchele ukishushwa Banana hautafika Kibumba kwa bei nafuu. Pengine hautafika kabisa. Bahari ya Kivu ya Kaskazini inabaki Mombasa na Dar es Salaam, na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na wenye bandari hizo mbili. Kenya nayo ina kampuni ya taifa ya bahari tangu miaka ya 1980 na imekuwa ikitafuta namna ya kuifufua. Tanzania inaendesha kampuni moja na China tangu 1967, na hiyo bado ipo.

Kwa hiyo wakaaji wa mashariki wakisikia kwamba Kongo itanunua tena meli, yako mambo ya kuwauliza wabunge wao kabla ya kupiga makofi. Meli hizo zitafanya njia gani, Anvers ao bahari ya Hindi? Zitabeba nini wakati wa kurudi, kama shaba ya Katanga leo inatoka kwa malori kupitia Zambia hadi Durban na Dar es Salaam? Mabaharia watatoka wapi, wakati walioendesha meli za CMZ wamezeeka ao wamekufa? Na mapato yatatokana na kubeba, ao na karatasi mpya atakayolipia mwagizaji?

Swali hilo la mwisho halihitaji kwenda hadi baharini ili lijibiwe. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama mbele ya macho ya watu, karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, na watu kwa makumi wakafa. Barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, na wasafiri walikuwa wamejazana ziwani. Pale Kituku, pia, ofisi za kutoza zilikuwepo siku zote.